Malkia wa Mijusi Amechukua Maneno Yangu

Kwa Mheshimiwa Mwamuzi wa Meza ya Jumamosi,
Bwana Orrin Dahlke, Kinyozi,
ambaye pia ni mjomba wa mume wangu.

Wisconsin, upande huu wa ziwa,
Februari 1977

Mjomba mpendwa,

Jambo nililotaka kukuambia pale kwenye ngazi za duka lako, kabla mkeo, Anti Verna, hajatokea na birika la kahawa na kuniuliza habari za goti la mama yangu, ni hili: maneno yale yalikuwa yangu. Yalisemwa kwangu, yalikuwa njiani kuja kwangu, na wewe ukayakamata hewani na kumpa mjusi.

Naandika kwa heshima zote, kama mke wa mpwa wako Arlen, niliyeolewa naye majani yalipokuwa mekundu na ambaye hadi leo, theluji ikiwa imefika kwenye madirisha, bado naamka asubuhi nikamtazama amelala na mdomo wazi nikajiuliza, hivi kweli huyu ni wangu? Ni wangu, Mjomba. Nina cheti. Na ndiyo maana naleta malalamiko haya kwa maandishi, tena kwa namba, maana Arlen ameniambia kuwa wewe husikilizi hoja isiyo na namba.

Usije ukadhani naandika kama mpita njia. Mchezo wenu nimeuelewa. Mnashuka kwenye chumba kilicho chini ya duka lako la kunyolea, mnaizunguka meza. Wewe unakaa nyuma ya kipande chako cha kadibodi, unaeleza pango, mlango wa pango, na kinachonuka nyuma ya mlango. Kila mchezaji ana mtu wake wa kubuni, naye anasema mtu huyo anafanya nini. Dadu inaamua kama amefaulu au ameliwa. Na iko kanuni moja uliyoiandika ukutani kwa chaki, juu ya mtungi wa vitana: LILILOSEMWA MEZANI LIMETENDWA. Mtu akisema naruka shimo, ameruka, hata kama alikuwa anatania. Ndiyo kanuni iliyomuua shujaa wa kwanza wa Stosh, dereva wetu wa gari la kusukuma theluji, siku aliposema, "Nina kiu, nitakunywa chochote," akimaanisha soda, na mbele ya shujaa wake palikuwa na bakuli la sumu.

Kanuni hiyo nilicheka nilipoisikia. Sicheki tena. Sasa nataja malalamiko yangu.

1. Kuhusu maneno yenyewe.

Mjomba, wewe umemlea Arlen tangu baba yake alipofariki, kwa hiyo unajua. Arlen hasemi. Si kwamba hana moyo, moyo anao mkubwa kama ghala la nyasi, ila mlango wa ghala umeganda. Aliponiposa tulikuwa kwenye kibanda chake cha kuvulia samaki juu ya barafu, tumeketi kwenye ndoo mbili zilizopinduliwa. Akatazama tundu kwa muda mrefu, akasema, "Kibanda hiki kinatosha watu wawili." Nikasema, "Naona." Akasema, "Si leo tu." Nikajua nimeposwa, nikalia machozi yakagandia shavuni, naye akanipa kitambaa chenye harufu ya chambo. Siku ya harusi, nilipotokea na gauni ambalo mama alilishona kiangazi kizima, alinitazama kutoka viatuni hadi kwenye shela akasema, "Si mbaya." Wanawake wote kanisani wakashusha pumzi na shangazi yangu akatoa leso, kwa sababu kwetu hapa mwanamume akisema "si mbaya" mbele ya watu ameimba.

Nilitosheka. Naapa nilitosheka. Lakini mwanamke aliyeolewa juzi ana sikio kama la paka, hata akitosheka anaendelea kutega.

Sasa turudi Jumamosi ile ya Januari. Nilishuka ngazi nimebeba sahani ya mikate ya soseji. Hamkuniona, kwa sababu wewe ulikuwa umesimama, umejitanda taulo la kunyolea kichwani, ukisema kwa sauti ya Malkia Sheshra wa Mijusi: "Enyi wezi wa kaburi langu! Ni nani kati yenu atakayenioa, niwaachie hai waliobaki?" Stosh alikuwa kamnyooshea kidole Mchungaji wetu wa kanisani, mchezaji mwenzake. Mchungaji alikuwa kamnyooshea kidole Stosh. Arlen wangu alikuwa ameinama, anachora ramani, maana yeye ndiye mchoraji wenu na hakuna anayechora korido kama yeye. Nikamwekea mkate mmoja pembeni, nikamnong'oneza, "Huu ndio wenye haradali nyingi."

Akainua macho. Masikio yakawa mekundu kama nyanya. Akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, mbele ya watu:

"Wewe ningekuoa tena hata leo. Hapa hapa."

Mjomba! Nilikuwa bado sijalikunja neno la mwisho niliweke moyoni, wewe ukagonga meza kwa kitana. "Neno limetoka!" Stosh akasema, "Ah, Orrin, acha ushamba, kamwambia mkewe." Ukasema, "Mkewe hayumo pangoni. Pangoni kuna Malkia, na Malkia ameuliza." Mchungaji akajaribu kututetea, akasema mtu hawezi kumuoa *tena* mjusi ambaye hajawahi kumuoa. Nawe ukamjibu bila hata kupepesa kwamba pengine alimuoa katika maisha mengine, mambo hayo hutokea sana kwenye majarida ya hadithi. Ukarusha ile dadu ya pande ishirini kuona Malkia amelipokeaje. Ikaangukia ishirini, namba ya juu kuliko zote.

"Amefurahi mno," ukasema.

Basi. Maneno niliyoyangoja tangu kwenye ndoo ya kibandani, yakaenda kwa mnyama mwenye mkia.

2. Kuhusu yaliyoandikwa na wazee wetu wa majarida.

Hapa, Mjomba, nakushitaki kwa sheria zako mwenyewe. Wewe ndiye uliyemlea Arlen kwa yale majarida ya karatasi ya njano, yale ya mapanga na wachawi ambayo babu yake aliyanunua enzi za dhiki ya miaka ya thelathini na kuyaficha chini ya kiti cha kunyolea. Nami nilimpata Arlen kwa majarida hayo hayo: kwenye mnada wa vitu vikuukuu kanisani, yeye ameshika upande huu wa sanduku lenye majarida, mimi nimeshika upande ule, hakuna anayeachia. Tulilibeba pamoja hadi kwenye gari lake bila kusemezana. Majira yote ya baridi yaliyofuata alikuja kwetu kunisomea, na akisoma, Mjomba, sauti yake inakuwa nyingine kabisa. Mtu asiyeweza kumwambia mhudumu kwamba kahawa imepoa anatoa sauti ya wafalme na mapepo, na mama yangu jikoni anaacha kuosha vyombo.

Kwa hiyo nimeyasoma. Nimeyasoma yote, hata yaliyotafunwa na panya. Na nakwambia kwa uhakika: hakuna hata hadithi moja ambamo shujaa wa milimani anaoa malkia akakaa. Anambusu, ndiyo. Anakula chakula chake, anavunja mlango wake, anapigana na nyoka wake. Lakini ukifika ukurasa wa mwisho, pale kabla ya matangazo ya dawa ya kukuza misuli, yuko juu ya farasi, anaelekea kusikojulikana, na malkia anamtazama kutoka dirishani. Hiyo ndiyo desturi. Hata wale wanawake wa kwenye majalada, waliovaa vikombe viwili vya shaba katikati ya theluji (na mimi, niliyezaliwa kwenye theluji, nimewahurumia vifua vyao mara nyingi), hata wao wanalijua hilo. Hakuna aliyewahi kumwambia shujaa, "Sasa twende tukachague mapazia."

Wewe umemfunga Brungar wa Milima ya Barafu, mtu wa kubuni wa Arlen, ndani ya ndoa. Brungar! Mtu aliyeua tembo kwa kigoda! Umewaaibisha waandishi wote waliokufa maskini wakituandikia.

3. Kuhusu sheria za nyumba ya Malkia.

Jumamosi iliyofuata ulitangaza kwamba katika jumba la Malkia Sheshra, mume hasemi. Anakaa kwenye mto wa mahameli, analishwa mabuu yaliyokaangwa kwa asali, na akifungua mdomo bila ruhusa, walinzi wanamnyooshea mikuki. Basi Arlen akakaa alasiri nzima mezani kwako amefumba mdomo, anachora maua pembeni mwa ramani.

Mjomba, hebu fikiri umefanya nini. Siku zote nyingine Arlen yuko kiwandani anageuza jibini, na jibini haihitaji kusemeshwa. Nyumbani ananipenda kwa vitendo: anapasha gari moto kabla sijatoka, ananiachia kipande cha katikati cha keki. Kinywa chake kilikuwa na mahali pamoja tu pa kufungukia, nayo ni meza yako, kupitia kwa Brungar. Alikuwa akirudi Jumamosi ananijazia jikoni maneno: "Nikamwambia yule pepo, ewe kivuli usiye na mama!" na mimi nakaanga viazi huku nacheka. Sasa anarudi, anavua buti, anasema, "Leo pia nilikaa kwenye mto." Halafu kimya.

Na tena umesema kwamba asipokombolewa kabla barafu ya ziwa haijapasuka, Brungar atageuka jiwe, apangwe bustanini na waume wengine waliotangulia, na Arlen aichane karatasi aliyoandika nguvu na mali zote za Brungar, aanze upya na kijana wa mwanzo kabisa mwenye fimbo na kijiko. Ndiyo desturi ya meza, najua. Lakini Brungar alibuniwa na Arlen mwaka baba yake alipofariki. Hilo unalijua kuliko mimi. Nami sitaki kuuona mkono wake ukiichana karatasi hiyo.

4. Kuhusu wenzake.

Nilimwuliza Stosh, aliyekuwa amesimamisha gari lake mbele ya nyumba yetu ili aonje supu, kwa nini wao hawaendi kumkomboa, wakati yeye ndiye msemaji wa kundi na kundi huenda anakosema. Akafuta ndevu. "Shemeji, tazama. Ana mke, ana nyumba, analishwa. Sisi bado tunatafuta dhahabu. Nani amkomboe nani?" Nikamwambia aache supu yangu. Akaimaliza kwanza.

Na Mchungaji Engdahl! Mtu aliyetuunganisha sisi wawili mbele ya Mungu mwezi wa Oktoba, akatukabidhi Biblia yenye majina yetu kwa herufi za dhahabu, Januari amehudhuria ndoa ya pili ya mtu yule yule, na katika karamu yake akala mikate yangu minne. Najua mezani si mchungaji, mezani ni mwizi anayeitwa Vidole. Hilo halinipi faraja. Jumapili alipohubiri kuhusu uaminifu nilimkazia macho kutoka kwenye benchi la tatu mpaka akapoteza mstari.

5. Kuhusu uke wenza, kwa kuwa sasa tumefika huko.

Sisi Walutheri hatujui uke wenza, Mjomba. Mambo yake sikufundishwa. Lakini kama ndoa hii ni halali kwa kanuni yako, basi na tuifuate kanuni hadi mwisho, nami nitadai haki ya mke mkubwa, kwa kuwa nilimtangulia kwa miezi mitatu.

Kwanza zamu. Malkia amejitwalia Jumamosi, ambayo ndiyo siku pekee ambayo kiwanda kinampumzisha mume wetu. Mimi nimeachiwa siku za jibini. Hiyo si haki popote duniani. Pili kazi. Nyumba ina koleo moja la theluji na mgongo mmoja wa kulishika, nao ni wangu Arlen akiwa kazini. Kama mwenzangu ana walinzi mia wa magamba, waje alfajiri wasafishe njia. Tatu ukwe. Kila Ijumaa tunakula samaki wa kukaanga kwa dada yako, Mama Lavonne, na mkwe lazima aje na kitu mkononi. Mimi huleta saladi ya viazi. Yeye ataleta nini, mabuu?

Mama Lavonne mwenyewe amechukia. Alizipata habari kwa watu, kwenye foleni ya benki. Akanipigia simu: "Mwanangu kaoa tena na mimi nasikia mitaani?" Nikamwambia, "Ni mjusi, Mama. Ni wa mezani kwa Mjomba Orrin." "Mjusi wa ukoo gani?" akauliza. Nikasema sijui ukoo, ila ni malkia. Nikasikia anakoroga kitu sufuriani. "Malkia," akasema. "Na angalau ni Mlutheri?" Nikamwambia hatuna uhakika. "Basi asije Ijumaa," akasema, "mpaka tujue."

Na zawadi! Mimi kwa harusi yangu nilipewa vyungu vitatu vya kuokea vinavyofanana, pamoja na saa ya ukutani yenye umbo la samaki. Yeye kampa mume wangu deraya ya fedha isiyopenywa na mshale na pete ya kupumulia majini. Sasa Arlen akiitazama ile saa ya samaki nawaza analinganisha. Hajasema. Lakini ni lini amewahi kusema?

6. Maombi.

Kwa hayo yote naomba, kwa unyenyekevu, na nikikosa unyenyekevu nitaomba vivyo hivyo:

Kwamba ndoa ya Brungar na Malkia Sheshra ifutwe, itangazwe batili, na tangazo lisomwe kwa sauti dukani kwako siku ya watu wengi, huku mteja akiwa kitini na sabuni shavuni asiweze kukimbia.

Kwamba kanuni ya ukutani ifutwe kwa kitambaa chenye maji, na badala yake iandikwe: LILILOSEMWA MEZANI NI LA YULE ALIYEAMBIWA, HASA KAMA KABEBA CHAKULA.

Kwamba maneno "ningekuoa tena hata leo, hapa hapa" yarudishwe kwangu, yote, bila kupungua hata moja. Namna ya kuyarudisha sijui. Siwezi kumwambia Arlen ayaseme tena. Maua hayavutwi ili yachanue. Lakini wewe ndiye Mwamuzi, umewahi kufufua mfalme aliyeoza, utajua.

Na kama hayo yote yamekushinda, naomba niruhusiwe kuja mwenyewe kumkomboa mume wangu. Nasikia mmesema hapokelewi mchezaji mpya kwa kuwa viti ni vinne. Mjomba, nina kiti. Nilikuja nacho kwenye ndoa.

Usiponijibu, sitafanya vurugu, maana nimelelewa vizuri. Ila mikate ya soseji itakoma. Nitamwomba Mchungaji ahubiri juu ya Lutu na mkewe, na nitamtazama yeye na kukutazama wewe kwa zamu. Na mwisho kabisa, nywele za Arlen zitakatwa na yule kinyozi wa ng'ambo ya ziwa, na atapita nazo barabara kuu, mbele ya dirisha lako, bila kofia.

Sina zaidi, isipokuwa upendo, ambao ninao hadi unamwagika kwenye buti. Nisalimie Anti Verna, na umwambie goti la mama linaendelea vizuri, ameanza kupanda ngazi za kanisa. Nisalimie Stosh, na sufuria yangu ya supu airudishe. Nisalimie Mchungaji katika hali zake zote mbili. Msalimie mbwa. Nisalimie hata wale waume waliogeuka mawe bustanini, maskini, kila mmoja alikuwa na mtu anayemngoja nyumbani na viazi vinaungua.

Ni mimi, mke wa kwanza, na kwa uwezo wa Mungu wa mwisho,

Marlys Tollefsen

Nyongeza. Mjomba, barua hii haikutoka. Theluji ilifunga barabara, na Stosh hakupita kwetu. Nadhani anaiogopa ile supu. Nikaiacha mezani jikoni chini ya chupa ya chumvi, nikatoka na koleo. Niliporudi, Arlen alikuwa ameisoma yote. Masikio yake yalikuwa yanawaka. Nikafikiri, sasa nimeharibu.

Akaingiza mkono kwenye mfuko wa koti lake la kazi, akatoa dadu. Kumbe anatembea nazo kiwandani, zinanuka jibini. Akasogeza chupa ya chumvi. "Keti," akasema. "Huwezi kwenda kwa Malkia hujui kupigana. Mimi nitakuwa yeye, na nitakuwa Brungar. Wewe ingia mlangoni."

Basi tukatengeneza mtu wangu. Anaitwa Ragna, amevaa nguo nzito hadi shingoni, nimeshikilia hilo. Nikaingia jumbani. Arlen akajitanda taulo la vyombo kichwani, akasema kwa sauti ya puani, afadhali kuliko yako, samahani: "Nani huyu anayeleta theluji kwenye zulia langu?" Nikasema namrukia. Nikarusha dadu, ikaja mbili, Ragna akajikwaa kwenye zulia akaanguka kifudifudi mbele ya mto wa mahameli. Malkia akacheka sana. Kisha akasema kwa kuwa nimemchekesha, mume ana ruhusa ya kusema, mara moja.

Arlen akavua taulo. Akakaa wima, nikajua ni Brungar. Na akasema, Mjomba, akiitazama dadu na si mimi:

"Nilikuona siku ile umeshika sanduku, pua nyekundu kwa baridi, hutaki kuachia. Nikasema moyoni, hapa ndipo nitakapoweka upanga chini. Mimi sijui kusema. Kila jibini ninayoigeuza, naigeuza nikifikiri upo jikoni unaimba ovyo. Lile gauni halikuwa 'si mbaya.' Nilikosa pumzi. Ningekuoa tena hata leo. Hapa hapa."

Brungar hajawahi kuona kiwanda cha jibini. Sikumkatiza.

Na mimi, kwa kulia, nikasema bila kufikiri: "Basi sitoki tena katika jumba hili maisha yangu yote." Arlen akagonga meza kwa kijiko. "Neno limetoka," akasema, na akacheka hadi chupa ya chumvi ikaanguka.

Kwa hiyo, Mjomba, nakuomba uyafute yote niliyoyaandika hapo juu, kuanzia namba moja hadi kinyozi wa ng'ambo. Kanuni ya ukutani usiiguse hata herufi moja. Iandike upya kwa rangi ya mafuta. Ndoa ya Malkia iache ilivyo, ni mwenzangu huyo, na amempa mume wangu ruhusa ya kusema kuliko dunia nzima ilivyowahi kumpa. Brungar usimkomboe haraka, wala usimgeuze jiwe. Nina mambo mengi ya kumwuliza, nami nimekwisha kusema kwamba sitoki, na meza ni meza, hata ikiwa na chupa ya chumvi.

Barua nitaileta mwenyewe mkononi. Tutakuja wote wawili kabla mwezi huu haujaisha, Jumamosi barabara itakapofunguka, pamoja na kiti changu na mikate yenye haradali. Usijitande taulo kabla hatujaketi. Na lolote atakalosema Arlen siku hiyo mbele ya watu, Mjomba, naomba lihesabiwe.